Butoni ya Mama wa Usingizi

Watu wengi wakizungumza nawe wanakutazama usoni. Yeye alikutazama kifuani. Unamsalimia njiani, unamwuliza habari za nyumbani, na macho yake yako pale chini ya shingo, yametulia, kama fundi cherehani anayekupima kwa jicho. Wanaume walisema hana adabu. Wanawake walijifunga kanga vizuri zaidi. Mimi nilidhani anatafuta mahali pa kuchoma sindano, maana kazi yake tuliijua. Alikuwa muuguzi wa kulaza watu kabla ya kupasuliwa, kwenye kliniki ya uzazi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwangu, Nyakabiga. Mtaani hakuna aliyemwita muuguzi. Aliitwa Mama wa Usingizi, na mtoto mtukutu aliambiwa, "Nyamaza, nitamwita Mama wa Usingizi," akanyamaza.

Nilichelewa kujua kwamba alikuwa anaangalia watu wanavyopumua. Hata nilipojua sikupenda. Kupumua kwangu kunamhusu nini?

Tulipakana ukuta miaka yote ya vita. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi, mvua ikiunyeshea unabomoka pembeni, na mimi nilikuwa nikiuziba kwa udongo, yeye anauziba upande wake, kila mtu peke yake. Miaka ile kila mtu alimshuku mwenzake, na aliyesema hashuku alikuwa mwongo au mgeni. Hatukuulizana kabila kwa mdomo. Tuliulizana kwa macho, kwa njia mtu aliyopita kwenda kazini, kwa mtaa aliokwenda kulala risasi zikianza kule vilimani. Sisi Waislamu wa mjini tulijisemea kwamba mambo hayo hayatuhusu. Vizuizi vya barabarani havikutuuliza kama yanatuhusu. Binti yangu alizuiwa kwenye kimoja mwanzoni kabisa mwa vita, akiwa na uchungu wa mtoto wa pili, wakamweka pale juani mpaka haikuwa na maana tena kumruhusu apite. Mtoto wake wa kwanza, Zaituni, akabaki kwangu. Sikuwa na mwingine. Mlielewe hilo mapema, maana yote nitakayosema juu ya Mama wa Usingizi nayasema huku nimemshika Zaituni mkono.

Basi huyu mama alikuwa na tabia za kumtia mtu wasiwasi. Alitembea na mkoba mweusi wenye kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye uzi ndani ya blauzi. Hakurudi nyumbani kwa njia moja siku mbili zikifuatana. Leo utamwona anatokea upande wa sokoni, kesho upande wa mto, na ukimwuliza, "Mama, leo umepita mbali," anajibu, "Nimenyoosha miguu," huku miguu yenyewe imejaa vumbi mpaka magotini. Watu walisema ndani ya mkoba mna dawa ya maumivu, ndugu yake morfini, na wenye bunduki wa pande zote wanaitaka kwa majeruhi wao. Wengine walisema anaiuza. Wengine wakasema vibaya zaidi, kwamba watu wa kwao anawapa dawa yenyewe na wasio wa kwao anawachoma maji. Nilisikiliza. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Niliweka moyoni.

Sasa, ajabu yake ni hii. Yeye tuliyemshuku wote alikuwa anashuku kuliko sisi wote tukijumlishwa. Kwa mtu hakula. Kwenye harusi alikuja na gilasi yake, imeviringishwa kwenye leso. Harusi moja hapo kwa jirani nilikaa naye mkeka mmoja, na bibi mmoja mkarimu akamletea soda.

"Kunywa basi, Mama. Soda haina ubaya."

"Nani aliifungua?"

"Si umeona inafunguliwa!"

"Mi nimeona imeshafunguliwa."

"Yoo! Basi nikuletee nyingine, uifungue mwenyewe na meno!"

"Meno siyo mazuri," alisema, wala hakucheka, na ilikuwa kweli. Jino lake moja lilimsumbua mwaka mzima, mpaka shavu likawa kama amebeba embe ndani. Mwisho akaenda Buyenzi kwa fundi wa meno, mimi nikamsindikiza kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Yule fundi akajaza sindano ya kutia ganzi. Mama wa Usingizi, mtu aliyechoma sindano maisha yake yote, akafunga mdomo.

"Madame, fungua. Hutasikia kitu."

"Hiyo ulijaza saa ngapi?"

"Sasa hivi, mbele yako."

"Mbele yangu umenipa mgongo."

Aking'olewa bila ganzi alishika viti viwili, cha kwake na changu nilichokalia, na hakutoa sauti. Njiani nikamwambia, "Wewe unawalaza watu wanakuamini, wewe mwenyewe humwamini mtu." Akatema damu kwenye leso, akasema, "Mi siwaambiaki waniamini. Nawaambia waangalie mikono yangu, uso wangu wauache." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake. Aliyasema kwa wagonjwa, kwa madaktari, hata kwa muuza nyanya. Angalia mikono.

Risasi hazikumshtua. Zikilia, yeye anamalizia chai yake. Lakini radi! Ikipiga radi tulimsikia anavuta kitanda kukiweka mbali na dirisha, mtu mzima wa umri ule.

Na alikuwa na jambo jingine ambalo lilimletea jina baya kwa wanawake. Mwanamke akizaa kwenye kliniki yao, siku ya akika ataona Mama wa Usingizi amefika getini bila kualikwa. Haingii. Haketi. Anasema, "Nifunulieni mutoto." Anamtazama mtoto kifua, anamtazama, anamgusa nyayo kwa kidole mpaka mtoto anune na kupiga teke, kisha anaondoka, pilau imejaa sinia na yeye hata hakunawa mikono. Wazee wakasema ni jicho. Akitoka tu, mtoto anapakwa wanja kwenye paji. Nami niliwapaka wawili watatu kwa mkono wangu. Mtu mwenye nia njema kwa nini asikae ale?

Nije kwenye mashini.

Madaktari wa kigeni waliokuwa kliniki pale waliondoka kwa ndege vita vilipochacha. Waliacha kitanda cha kupasulia, mashuka, na kisanduku cheupe ukubwa wa redio, kinachofungwa kwenye nguzo ya serumu, ile ya kutundikia chupa ya maji ya mshipani. Ndani yake inalala sindano kubwa imejaa dawa, na kifuniko kinafungwa kwa ufunguo. Pembeni unatoka waya mrefu, na mwisho wa waya mna butoni, kama ile ya kengele kwenye mageti ya matajiri wa Kibenga. Mwanamke anayeumwa uchungu anapewa butoni mkononi. Akibonyeza, dawa kidogo inaingia mshipani, na kisanduku kinalia, ti. Akibonyeza tena upesi kisanduku kinakataa, kimya, mpaka muda wake upite.

Alinionyesha mwenyewe, mchana mmoja nilipopita pale, na ndiyo mara pekee niliyomwona akijivuna. Nikamwuliza, "Wageni wamebeba hata vijiko. Hiki kwa nini wamekiacha?"

"Hawakupata nafasi ndani ya gari la kuwapeleka kwenye ndege."

"Au hakifai."

"Au hakifai," akakubali, bila kukasirika. "Ndiyo maana sikiachi peke yake."

Lakini dawa ilikuwa haba, na hakuwapa wote. Aliwapa wale ambao daktari alisema maumivu yenyewe yanaweza kuwaua. Na kila alipofunga kisanduku kwenye nguzo alitoa amri moja, kwa sauti ya kuamuru kuku: "Anayezaa ndiye anayebonyeza. Si mama yake, si mukwe wake, si bwana wake, si mi." Mtu akimwuliza kwa nini, alisema, "Kwa sababu nimesema." Hapo ndipo alipokosea, na nilimwambia usoni baadaye, wala sirudishi maneno. Alitoa amri akaficha sababu. Alidhani tukijua dawa ile ikizidi inafanya nini, kutakuwa na mtu wa kuitumia. Pengine alikuwa na haki, mji ulivyokuwa. Lakini amri isiyo na sababu, wanawake wa kwetu wanaifuata mpaka aliyeitoa ageuze mgongo.

Zaituni alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Akipanda ngazi kidogo, midomo inapauka. Nilisema asiolewe. Aliolewa. Nilisema asishike mimba. Mumewe Sudi, fundi wa magari, kijana mpole, akanitazama kama mtu aliyeshikwa na mafuta mikononi, mimba yenyewe ilikuwa tayari imeonekana. Siku uchungu ulipoanza Sudi alikuwa Kajaga kutengeneza gari la wavuvi, na barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano. Kwa hiyo tulikwenda kliniki sisi wanawake tu, Zaituni, mimi, na mama yake Sudi, mkwe wake.

Daktari akamsikiliza moyo. Akasema uchungu ukiwa mrefu na yeye akiumia hivyo, moyo utachoka kabla ya mtoto kufika. Akamwita Mama wa Usingizi na kisanduku chake.

Nilisema, "Apana. Huyu hapana."

Daktari akaniuliza namtaka nani. Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwangalia yule mama anavyofunga mpira kwenye mkono wa mjukuu wangu, nikaangalia mikono kama alivyosema siku zote, na nilichokuwa nafikiri ni hiki: ni wa nani huyu, na anajua sisi ni wa nani? Akafungua kifuniko, akaweka sindano kubwa, akafunga, akarudisha ufunguo ndani ya blauzi. Akampa Zaituni butoni. Akatoa amri yake. Akatupita.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wageni waliotengeneza kisanduku kile hawakulifikiria. Kwetu msichana anayezaa mara ya kwanza mbele ya mkwe wake halii. Hasemi naumwa. Akiulizwa na daktari, anajibu mkubwa aliyekaa kando ya kitanda. Ndivyo nilivyozaa mimi, nimeuma kanga mpaka ikatoboka, na ndivyo nilivyomfundisha Zaituni. Na kile kisanduku kilikuwa kinalia! Akibonyeza, chumba kizima kinasikia ti, na ile ti ni sawa na kupiga kelele, nimeshindwa. Basi Zaituni akaikamata butoni, jasho linamtoka mpaka mto umelowa, na kidole hakikushuka.

Mama wa Usingizi akarudi, akasikiliza. Kimya. "Huyu hajabonyeza?"

Mama Sudi akajibu, na alijibu kwa fahari: "Hana maumivu, Mama. Huyu ni mwanamuke kweli. Kwetu hatuoaki vilio."

"Sikuuliza wewe. Zaituni, unaumwa?"

Zaituni akamtazama mkwe wake, akatikisa kichwa kwamba haumwi. Mama wa Usingizi akamtazama kifua, akatazama kisanduku, hakuridhika, nilimwona. Lakini kuna mwanamke mwingine alikuwa anapasuliwa chumba cha pili na walikuwa wanamwita. Akaenda. Nami adhuhuri ilikuwa imeingia, nikaenda baraza ya nyuma kuswali na kumwombea dua.

Niliporudi nilisimama mlangoni nikafurahi kwanza. Zaituni amelala. Uso umelainika, mikunjo ya maumivu yote imeondoka, alikuwa kama alivyokuwa mdogo. Mama Sudi amekaa kando yake, anampepea kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika butoni.

Kisha nikaona midomo.

Sikujua kwamba nina sauti kubwa vile. Mama wa Usingizi aliingia mbio, gauni la kupasulia bado liko mwilini, akaung'oa waya kwenye mkono wa Mama Sudi hata Mama Sudi akaanguka na kiti chake. Akamsugua Zaituni kifua kwa ngumi. "Zaituni! Vuta pumzi. Vuta!" Na Zaituni akavuta moja, ndogo, kama mtu aliyeambiwa afanye kazi asiyoipenda. Halafu basi. Yule mama akachukua mpira wenye kikombe, akamfunika pua na mdomo, akawa anaukamua, na kwa mkono mwingine akavuta uzi wa shingoni, akafungua mkoba wake mweusi, akatoa kichupa kidogo sana.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilipanua mikono nikashika miimo yote miwili. Nikamwambia, "Akifa, hutoki humu."

Hakuniangalia. Alikuwa anavunja shingo ya kichupa. "Atafumbua macho sasa hivi," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniambia maji yanakaribia kuchemka. Akachoma dawa kwenye mpira wa mkono. Akakamua hewa. Akakamua. Mama Sudi chini anasoma Ayatul Kursi, anakosea, anaanza upya.

Zaituni akakohoa. Akafumbua macho, na maumivu yakamrudia yote kwa pamoja, na safari hii alipiga kelele, mkwe au si mkwe. Sijapata kusikia kelele nzuri kama ile.

"Nani alibonyeza?" Mama wa Usingizi aliuliza, mgongo wake kwetu.

Mama Sudi akatazama ukuta. Mi sipendi watu wanaotazama ukuta. Nikasema, "Nilikuwa kwenye swala. Aliyebaki ni huyu."

"Nilimusaidia!" Mama Sudi akalipuka, machozi yanamtoka. "Mutoto wa watu anaungua hivi, anaona haya, mi nikae tu namuangalia? Chakula namulisha mi, jasho namupangusa mi, hicho kidude tu ndio nisikamate? Alikuwa amelala vizuri, nikasema nimuongeze kidogo apumzike!"

Hapo ndipo Mama wa Usingizi alipotoa sababu, na aliitoa kwa sauti ndogo, amechoka. Anayebonyeza mwenyewe akisinzia, kidole kinalegea, na dawa haiingii. Mtu mwingine akimbonyezea, kile kidole hakilegei kamwe, kwa sababu hakilali. Basi. Jambo dogo namna hiyo. Nikamwuliza, "Hilo lilikushinda nini kulisema asubuhi?" Akanijibu, "Bibi, ungekuwa wewe, mwaka huu, mji huu, ungewafundisha watu namna ya kuua kwa kidole?" Mpaka leo nina majibu mawili na yanagombana.

Akataka tutoke wote wawili. Mama Sudi alitoka upesi. Mimi nikasema sitoki, nimuache na mtu huyu, na dawa hiyo hiyo, nilichokiona nimekiona. Na hapo Zaituni, ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kunipa amri, akasema, "Bibi, toka."

"Nini?"

"Ukiwepo siwezi kubonyeza. Toka, Bibi."

Nilitoka.

Tulikaa barazani chini ya dirisha lililofungwa, Mama Sudi na mimi, hatusemeshani. Ndani nikasikia yule mama anaongea polepole, kisha kimya kirefu. Nikasimama ili nibomoe mlango. Ndipo ikalia. Ti.

Nikakaa. Mlio ule niliokuwa nauona aibu, sasa nilikuwa nauomba. Ukilia, najua kidole ni chake, yuko macho, anapumua, anaumwa kama kiumbe aliye hai. Ukichelewa, naanza kuhesabu dhambi za yule mama. Ti. Alhamdulillahi. Kimya. Ni wa nani huyu mwanamke? Ti. Alhamdulillahi. Jua likahama kutoka ngazi mpaka ukutani, na mtoto wa kike akalia ndani, kwa sauti ya mbuzi.

Mnadhani baada ya hapo nilimpenda. Apana. Nilipeleka sinia ya akika kwake mwenyewe, maana nilijua haingii kwa watu, akaipokea kupitia geti, na kesho yake nikamwona paka wangu ananenepa upande ule. Tuliendelea kuziba ukuta kila mtu upande wake.

Ila mtaani habari ilikwenda kwa mdomo wa Mama Sudi, na mdomo wa Mama Sudi ulikuwa na breki mbovu. Ikawa mashini ya Mama wa Usingizi inaua. Ikawa alijua Zaituni ni wa nani. Ikawa ni dua ya mkwe tu iliyomrudisha. Usiku watu wakatupa mawe juu ya bati lake. Asubuhi nilimwona anayaokota, anayapanga mbele ya mlango wake, akatengeneza njia ya kukanyaga wakati wa matope. Hakujitetea kwa mtu. Nikamwuliza kwa nini hajitetei, akasema, "Nikisema ni mukwe, watamuchukia mukwe, na Zaituni anakula kwa mukwe." Sikulipenda jibu hilo. Lilikuwa zuri mno.

Mimi sina subira hiyo. Nilimkuta Mama Sudi bombani, ndoo zimepangwa, wanawake wamejaa, naye yuko kwenye kisa chenyewe.

"...basi mi nikasoma dua, nikasoma, mutoto akarudi!"

Nikamwambia, "We Mama Sudi, dua gani inasomwa na kidole gumba?"

"Unasema nini, Bibi?"

"Nasema uliyebonyeza ni wewe. Ulibonyeza kwa huruma, sikukasirikii. Lakini mawe yaliyo kule yangepaswa kuwa juu ya bati lako."

Walicheka mpaka mmoja akaacha ndoo ifurike. Mama Sudi aliniita mchawi, akaniita kikongwe, akaondoka na maji nusu. Mawe yalikoma. Hatukusemeshana mpaka mtoto alipoanza kutembea, akatembea kutoka kwangu kwenda kwake, tukalazimika.

Kile kisanduku kiliharibika baadaye, hakukuwa na mtu wa kukitengeneza wala dawa ya kukitilia. Yeye alistaafu, akahama. Vita vikaisha kwa namna ambayo vita huisha, leo vimeisha, kesho vimeisha tena, mpaka siku moja tukagundua tumeacha kulala na viatu.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Kibenga, kwa mpwa wake wa kike, nyumba yenye ua wa maua na mbwa asiyebweka. Nilisikia miguu imemvimba, nikaenda. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, amekuwa mdogo. Tulizungumza bei za vitu, tukazungumza magoti. Nikamwambia Zaituni amehamia Buyenzi, moyo wake bado mbovu na bado anaishi nao, na binti yake anasoma.

Kisha nikamwuliza kile nilichotaka kumwuliza tangu siku ile. "Uliposema atafumbua macho sasa hivi. Ulijua?"

Mpwa wake alikuwa ndani anaosha vyombo.

"Apana," alisema. "Ile dawa ya kurudisha pumzi ilikuwa imeshapita muda. Ilikuwa imepita zamani. Hakukuwa na nyingine mji mzima, nilikuwa nimetafuta."

"Na ukasema sasa hivi."

"Ulikuwa umesimama mulangoni, Bibi."

Nilisubiri aseme kwamba alikuwa na hakika kidogo.

"Na wewe," akaniuliza, "asingeamka, ungenifanya nini? Niambie sasa, tumezeeka."

Nilimwambia kweli, maana aliniambia kweli. "Nisingekugusa. Ningetoka tu mpaka getini, walipokuwa wamekaa wale vijana wenye bunduki, nikawaambia jina lako."

"Na wangetosheka na jina."

"Wangetosheka."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesomewa hesabu ambayo yeye alishaifanya zamani. Hakukasirika, na mimi sikuomba radhi. Miaka ile ilikuwa vile. Mpwa wake akatuletea chai, tukainywa yote.

Alikufa masika yaliyofuata. Jina lake nalijua. Silitaji.